Wapangaji wa Sentensi Moja

Kinondoni Mkwajuni,
3 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba mvua za juzi hazikuingia uani kwenu, na kwamba goti lako limekubali kukunjika. Mimi ni mzima. Kikohozi kimebaki cha asubuhi tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa kuwa simu huitaki, ukisema ndani yake unasikia upepo mtupu, nimemwomba Jenipher, mpangaji mwenzako, awe posta yetu. Saluni anayosukia iko hatua chache kutoka kwangu, na amekubali bila kusitasita.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha gazeti. Ni makala yangu ya kwanza kwa wasomaji wasio wa darasani, na inamhusu Mwalimu Polikarpo Luambano. Wewe ndiye uliyepiga taipu kitabu chake *Kazi na Kivuli*, mwaka 1978, pale kwenye kiwanda cha uchapaji Kurasini. Nilitaka uwe msomaji wangu wa kwanza, lakini gazeti limenitangulia kwa siku mbili.

Sentensi yake moja inajulikana hata na wasiowahi kukishika kitabu: "Kila mtu ni mpangaji, na hakuna aliyeanza safari peke yake." Nimeiona kwenye kanga, kwenye vibao vya vinyozi, na mara moja kwenye jeneza. Karibu kila anayeiandika anadhani Mwalimu alisema kwamba sisi sote ni wapangaji wa vyumba: tunapita tu, na dunia ina mwenye nyumba wake. Katika makala hii nimejaribu kuonyesha kwamba sivyo. Sentensi imo katika sura inayohusu mipango ya kazi. Mpangaji wa Mwalimu ni yule anayepanga mambo, mtu mwenye uwezo wa kuyawekea maisha yake utaratibu. Watu wamechukua neno la uwezo wakaligeuza neno la unyonge.

Nikiri kwako nisilolikiri gazetini. Ile "safari" inanisumbua. Anayepanga mambo anahitaji safari ya nini? Nimeandika kwamba ni safari ya taifa, lakini kila nikiisoma aya hiyo naona nimeshona kiraka, na uzi unaonekana.

Mchapishaji ameniomba nihariri toleo jipya la kitabu. Niambie umeionaje hoja.

Mwanao,
Avelina


Kiwalani,
19 Machi 2024

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Goti linakunjika likitaka. Mvua iliingia uani, ikatutazama, ikatoka. Kikohozi kikikaa zaidi ya wiki mbili si mgeni tena, nenda ukapimwe.

Makala nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa mazoea. Mstari wa arobaini wameandika "wasomoji". Waambie.

Kuhusu hoja sina la kusema. Mie kazi yangu ilikuwa kupiga herufi, sikuwa nafundisha. Ila kwa kuwa umeniuliza nimeionaje, nitakwambia nilikuwa nimekaa wapi nikiisoma. Nilikaa barazani, chini ya mlango wa mbele. Juu ya mlango huo yapo maneno hayo hayo, kwa rangi ya kijani, yaliyoandikwa na Mzee Salumu kwa mkono wake mwaka 1993, nyumba ilipokwisha na mie nilipopokewa humu kuwa mpangaji wa kwanza. Salumu hakuwa msomi. Alikuwa mchukuzi bandarini, na nyumba hii aliijenga tofali kwa tofali. Humu ndani tumeishi miaka thelathini na moja katika maana uliyoisahihisha. Mtu akikwepa zamu ya kufagia uani, anaonyeshwa juu ya mlango. Mtu akijidai, anaonyeshwa mlango. Na Salumu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiinama kila akipita chini yake, ingawa mlango ni mrefu na yeye alikuwa mfupi.

Ndege zinapita kama kawaida. Sizisikii tena, nazijua kwa kifua, na kwa herufi za taipureta zinavyotetemeka kabla sijazigusa. Wakati mwingine nadhani zinataka kuandika jambo bila mie.

Usinisikilize. Ni uzee.

Shangazi yako,
Bernadeta


Kiwalani,
28 Julai 2024

Mwanangu,

Hujambo? Miezi minne hatujaandikiana, na kosa ni langu pia, kwa hiyo sitalaumu. Wote humu ni wazima. Mie ni mzima wa mwili.

Nurdin, mtoto wa marehemu Salumu, alikuja jana. Amejaliwa sauti, hata mie niliisikia, na yaliyonipita Jenipher alinirudia sikioni. Nakuandikia kama yalivyosemwa.

"Shikamoo Shangazi Beti."

"Marahaba baba. Karibu uji."

"Sijaja kunywa uji, Shangazi. Nimekuja na gazeti."

Gregori, yule seremala wa chumba cha pili, hakuacha hata kupiga randa. "Gazeti la Machi unalileta Julai? Humu tulishafungia dagaa."

"Cheka tu, braza. Hili limeandikwa na daktari wa chuo kikuu. Haya, soma mwenyewe. Mpangaji ni anayepanga. A-na-ye-pa-nga. Sasa mzee kaacha wasia, nyumba iendeshwe kwa neno lililo juu ya mlango. Neno linasema nipange. Na mie nimepanga: navunja, naweka fremu nane za maduka."

"Na sie?" Jenipher akauliza.

"Nyie nanyi mpange. Si kila mtu ni mpangaji?"

Alicheka, lakini peke yake. Mwanangu, wasia huo upo kweli. Salumu aliandika sentensi moja tu kuhusu nyumba hii, kwamba iendeshwe kwa neno lililo juu ya mlango wake, na watoto wake wote, hata Nurdin mwenye kelele, wanaogopa kukosa radhi ya baba yao. Hakuna anayebisha kwamba neno lifuatwe. Wanabishania neno linasema nini. Mzee Fakihi, kaka wa marehemu, atakuja kutoka Kilwa kuendesha kikao Jumapili ya tarehe 13 Oktoba, na ameagiza mwandishi wa makala hiyo aitwe. Nurdin aliponionyesha jina lako sikusema kwamba ni mwanangu. Nilikunywa uji wangu.

Nina miaka sabini na moja. Chumba hiki nakijua gizani. Masikio yamekwisha, lakini kuta za humu nazisikia kwa viganja. Nikihama sitajua pa kuweka mkono. Sikuombi useme uongo. Nakuuliza tu: una hakika?

Shangazi yako,
Bernadeta


Kinondoni Mkwajuni,
6 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Sikujua namna nyingine ya kuianza barua hii, hata hali yako nimesahau kuiuliza, nami nakumbuka sasa kalamu ikiwa imeshapita.

Nimeipekua makala yangu mara tatu nikitafuta neno linaloruhusu mtu kuvunja nyumba. Halimo. Halafu nikaipekua mara ya nne nikitafuta neno linalomkataza, nalo halimo. Nilidhani naandika kuhusu kitabu. Sikufikiri kwamba kuna watu wamelala ndani ya koma zake.

Unaniuliza kama nina hakika. Nina sababu, na sababu zangu ni nzuri. Hakika ni kitu kingine. Mantiki ya sura ile inaelekea kwenye mipango. Nikisimama mbele ya kikao nikasema kinyume, kwa sababu tu anayelala chini ya sentensi hiyo ni mtu aliyenilea, nitakuwa nimefanya kile kile anachofanya Nurdin: kulitafutia neno maana kutoka kwenye haja yangu. Natamani ningekuwa mtu anayeweza. Huenda ni uadilifu. Huenda ni kiburi kilichovaa joho.

Chumba changu cha nyuma ni cheupe na kimya, dirisha lake linatazama mwarobaini. Ni chako tangu leo ukikitaka. Najua unavyonitazama sasa hivi.

Mwanao,
Avelina


Kiwalani,
20 Agosti 2024

Mwanangu Avelina,

Marahaba. Nimekusamehe kabla Jenipher hajafungua mkoba. Sasa kaa chini, maana hili sijamwambia mtu, hata padri, kwa kuwa sikuwahi kujua ni dhambi ya aina gani.

Mwaka ule 1978 nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na pale kiwandani waliniita Beti Asiyekosea. Mswada wa Mwalimu uliletwa kwangu kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mbaya na macho yangu yalikuwa mazuri. Wiki hiyo mwenye nyumba wangu wa Temeke alikuwa ametoa virago vyangu nje. Nilikuwa nalala kwa rafiki, na kila nikitoka kazini nazunguka kuuliza chumba cha kupanga. Kupanga, kupanga, kupanga: neno hilo lilikuwa limeingia mpaka vidoleni.

Mwalimu hakuandika "mpangaji".

Aliandika "mpagazi". Kila mtu ni mpagazi, na hakuna aliyeanza safari peke yake. Wale wabeba mizigo wa zamani, mwanangu, waliotembea kwa misafara kutoka bara hadi pwani na mizigo kichwani. Zeta yake ilikuwa na mkia kama jei. Jicho liliona mkia, vidole vikamalizia kwa kile vilichokuwa vikikitafuta. Nikapiga "mpangaji" nikaendelea.

Niligundua kurasa zilipokuwa zimeshachapwa. Nilikwenda kwa Mwalimu, aliyekuwa amekuja kuona, nikalia mbele yake. Akaushika ule ukurasa, akausoma kwa muda mrefu, kisha akatoka nje, akatembea uani. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Alisema, "Acha, binti. Nimewakuta wafunga vitabu wanaligombania neno lako. Wameshaanza kuishi humo."

Au alisema wameshaanza *kuimba* humo? Masikio yangu yalikuwa mazima siku hizo, lakini nilikuwa nalia.

Mswada alikwenda nao, na alipofariki nilisikia kwamba mchwa waliumaliza. Kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Wewe umesoma kosa langu miaka kumi na moja ukalipatia shahada. Salumu aliliona kitabuni, akalipandisha juu ya mlango. Nami nikapata chumba chini yake. Nikiamka mchana kutoka usingizini, kabla sijajua niko wapi, naona kama nilijijengea nyumba kwa kidole kimoja.

Sikuelezi haya ili yanisaidie. Sijui hata kama yananisaidia au yananimaliza. Uliniambia huna hakika. Nimeona si haki uwe huna hakika peke yako.

Shangazi yako,
Bernadeta


Pugu,
8 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka nyumba ya mafungo huku Pugu, nilikokuja kwa siku tatu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni, vilima vinatoweka kimoja kimoja, kisha vinarudi vikiwa si vile vile. Nimekaa nao nikiisoma barua yako.

Nilipolifikia neno "mpagazi" nilisimama. Safari! Kiraka changu kilidondoka chenyewe. Mpagazi ana safari, na kweli hakuna mpagazi aliyeanza safari peke yake. Sentensi iliyonisumbua tangu nikiwa mwanafunzi ilijilaza mahali pake kama mtoto aliyepata mto. Nilifurahi kwa muda wa saa nzima, na kwa saa hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa nyumba yenu. Nakuambia hili kwa aibu.

Kisha mashaka yakaja, nami sijui kukuficha. Ushahidi wote ni kumbukumbu ya mtu mmoja, ya miaka arobaini na sita. Maelezo yanayokaa vizuri kupita kiasi huwa yananitia hofu. Je, yawezekana kwamba wewe nawe ni msomaji wa Mwalimu, na kwamba katika miaka mingi ya kuikaa sentensi hiyo, ukiona "safari" haina mtu wake, akili yako ilimtengenezea mtu? Na kwamba imekupa neno la tatu sasa hivi, ili mimi na Nurdin na wewe, sote, tuwe tumekosea sawasawa?

Naomba usikasirike. Nauliza kwa sababu ndilo swali ambalo ningemuuliza mtu yeyote.

Mwanao,
Avelina


Kinondoni Mkwajuni,
14 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Goti limepumzika baada ya kukaa vile kwenye mkeka?

Barua ya Pugu hukuijibu, na jana tulipokumbatiana hukuitaja. Nilistahili. Lakini kikaoni nilikuona umekaa karibu na karo, unatazama midomo yetu ikifunguka na kufumba, na kilipokwisha watu wakakuzunguka wote kwa pamoja wakikupigia kelele za furaha, ambazo najua hukuambulia hata moja. Nikaondoka mapema kwa sababu nilikuwa nalia. Kwa hiyo nakuandikia yaliyosemwa, kama wewe ulivyoniandikia ya Nurdin.

Mzee Fakihi alifungua kwa dua, kisha akaniuliza moja kwa moja: "Mwalimu, wewe ndiye mwenye gazeti. Neno hili maana yake nini?"

Nikasema, "Sijui, mzee wangu."

Nurdin akacheka. "Sista, umelisomea miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na hujui?"

"Ndiyo maana nasema sijui. Ningelisomea miwili ningejua."

Gregori akapiga kofi pajani. Nikawaeleza maana yangu na sababu zake. Nikaeleza maana ya mlangoni. Nikawaambia pia kwamba mwandishi wa makala ni mtoto wa ndugu wa mpangaji wa kwanza, wasije wakasikia pembeni. Hapo ndipo ulipoona vichwa vyote vikigeuka kukutazama. Kisha nikaeleza ya mpagazi, nikisema nimelipata kwa aliyepiga taipu, kwamba haliwezi kuthibitishwa, na kwamba mimi mwenyewe sijui niliamini kiasi gani. Mzee Fakihi alilirudia neno hilo polepole. "Mpagazi. Salumu kabeba magunia bandarini miaka ishirini. Angelisikia hilo angejishika mgongo." Wakacheka wote, hata Nurdin.

Halafu akasema jambo ambalo mimi, na shahada zangu, sikuwa nimeliwaza. "Huyo Mwalimu wenu hakuandika wasia wowote kuhusu nyumba hii. Aliyeandika ni ndugu yangu. Simuulizi Mwalimu alitaka kusema nini. Nauliza Salumu alikuwa akisoma nini alipoandika pale juu."

Ndege ilipita, tukaisubiri. Ndipo Nurdin akainuka, na nadhani alikusudia kumaliza mjadala.

"Ba'mkubwa, nyie mnaongea habari ya vitabu. Mie nimelelewa humu! Kila mwaka Ramadhani ikiisha mzee anatuhamisha. Ndani ya nyumba yetu wenyewe! Mpangaji fulani kajifungua, haya, mpeni chumba kikubwa, sie twende kile cha nyuma kinachovuja. Mwaka unaofuata fulani ana mgonjwa, haya, hameni. Shule nzima wananiita Nurdin Virago. Baba yangu ana hati mkononi, na mie nimekua nahamishwa chumba kama mpangaji!"

Alilisema neno, Shangazi, na nadhani alilisikia baada yetu. Mkono wake ulibaki hewani. Uliona pale watu wote waliponyamaza, ukadhani (nilikuona usoni) kwamba tumeshindwa.

Mzee Fakihi hakusherehekea. Alimvuta akae karibu naye, akamshika bega. "Umelijibu mwenyewe, mwanangu. Na pole. Hukustahili jina hilo." Kisha akatoa uamuzi: nyumba haivunjwi wala haiuzwi maadamu mpangaji wa kwanza aliyepokewa na Salumu anaishi humo. Akiondoka kwa hiari yake, au kwa amri ya Mungu, Nurdin atakuwa huru kupanga kwa maana yoyote aitakayo. Nurdin akasema, "Nimekubali," kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Mpangaji huyo ni wewe. Vyumba kumi na kimoja vinasimama kwa pumzi zako. Sijui kama nimekuletea ushindi au mzigo, na chumba changu cheupe sasa naona haya hata kukitaja.

Limebaki langu. Mchapishaji anataka mswada wa toleo jipya kabla ya Februari, na nimefika kwenye ukurasa ule. Nichape neno lipi? Jana nilijifunza kwamba msomaji mmoja, mchukuzi asiyesoma chuo, alilielewa neno kwa mgongo wake na kwa vyumba vya wanawe kuliko nilivyolielewa mimi kwa tanbihi. Lakini hata hitimisho hilo naliogopa. Ni zuri mno, na limenijia siku nilipokuwa na furaha.

Mwanao,
Avelina


Kiwalani,
26 Januari 2025

Mwanangu Avelina,

Marahaba, na heri ya mwaka. Kikohozi kimekwisha? Jenipher anasema umekonda, kula.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nimekuwa mtu wa shughuli nyingi. Kazi yangu sasa ni kuishi. Asubuhi Jenipher analeta uji na kusimama mpaka nimalize. Saa nne Gregori anakuja kukagua miguu ya kiti changu kama imekaza. Recho wa chumba cha sita, ambaye mwaka mzima hakuwahi kunisalimia, ananipimia chumvi. Nikipiga chafya, milango saba inafunguka. Siku ya Krismasi walinishika mikono huku na huku kwenda kanisani, nikiwa katikati kama sanamu ya Bikira, na walipoona ngazi walisimama kufanya mkutano.

Nurdin naye anakuja Ijumaa. Wiki iliyopita alileta halua, akaketi, akaila mwenyewe. Akaniandikia kwenye karatasi, maana amechoka kupayuka: "Shangazi Beti, hali?" Nikamwambia, "Nzuri mno, baba. Samahani." Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akakitazama muda mrefu kile chumba cha nyuma kinachovuja. Alipoondoka nilimwona anainama mlangoni. Sijui kama ni kwa makusudi. Yeye ni mrefu.

Barua yako ya Pugu ilinikaa kooni wiki tatu, nisikufiche. Nilikasirika. Halafu nikachukua kalamu nijaribu kuliandika neno lile kama Mwalimu alivyoliandika, zeta yenye mkia, ili nikutumie uone. Nimejaza kurasa. Kila nikiandika, linatoka kwa mwandiko wangu. Kuna asubuhi namwona wazi, na vumbi la karatasi kwenye mwanga wa dirisha la Kurasini, na neno liko pale, mpagazi. Kuna asubuhi dirisha lipo, mwanga upo, na karatasi ni nyeupe. Kwa hiyo umepata ulichokitaka, mwanangu: nami sina hakika tena. Si pabaya huku. Pana hewa.

Kwa hiyo chapa lile lililochapwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, weka langu, useme limetoka kwa mpiga taipu mmoja mzee. Usiseme ni la kweli wala usiseme ni la uongo. Weka na la Salumu na vyumba vyake. Wasomaji watapanga wenyewe.

Chumba chako cheupe kipangishe. Mtafutie mtu mwenye shida.

Ningeandika zaidi, lakini barua siku hizi naandika kwa haraka. Wenzangu wamezoea kunisikiliza kupitia taipureta. Mie mlio wake siusikii. Wao wanausikia kila chumba, na ukiendelea wanajua nyumba ipo. Nikisimama kidogo tu kutafuta neno, wanakuja mbio kugonga. Na sasa nilikuwa nimesimama, natafuta namna nzuri ya kukuaga, na nauona mlango umeanza kutetemeka.

Ngoja niwafungulie.

Shangazi yako,
Bernadeta